Yai Katika Kiganja cha Kushoto

Mwezi uliopita nilikwenda Arua kwenye harusi ya mtoto wa binamu yangu, nikafanya jambo ambalo mwanamke wa umri wangu, mwenye miwani ya kusomea na goti linalolalamika kwenye ngazi, hapaswi kulifanya. Nilimwomba kijana wa bendi fimbo zake za ngoma. Kusema nilimwomba ni kujipendelea. Nilimnyang'anya.

Bendi ilikuwa ya kukodi, vijana sita ndani ya sare nyekundu zilizoshonwa kwa ajili ya watu wanene zaidi. Yule wa ngoma ndogo, ile yenye nyuzi za chuma chini yake zinazoifanya sauti ikwaruze, alikuwa ameshika fimbo zote mbili kwa namna moja, viganja vikitazama chini, kama mtu anayesukuma baiskeli mlimani. Nilivumilia nyimbo mbili. Kwenye wa tatu nikasimama.

"Mwanangu, mkono wa kushoto haushikwi hivyo."

Akacheka kwa heshima, akanipa. Fimbo ya kushoto nikailaza kwenye panda ya kidole gumba, nikaipitisha juu ya kidole cha pete, nikakigeuza kiganja kitazame juu, kikiwa wazi na shimo katikati, kama cha mtoto anayengoja kumwagiwa karanga. Mkono wa kulia ulikuwa umesahau kila kitu. Wa kushoto haukusahau hata kimoja. Nikapiga mvumo, ule mrefu usio na mwanya. Watu wakageuka, shangazi mmoja akapiga kigelegele, nami nikaanza kujiona. Kijana akasikiliza, kichwa ameinamisha upande mmoja, kisha akasema polepole ili asiniaibishe mbele ya wageni:

"Mama iko najua sana. Lakini kushoto yako iko nakimbia kidogo."

Nilimrudishia fimbo zake, nikaenda nyuma ya hema, kwenye masufuria ya pilau, nikashika nguzo. Mpishi akadhani harufu ya mafuta imenishinda, akaniletea maji. Sikumweleza. Wewe nitakueleza, kwa kuwa umekaa na una muda, na kwa kuwa jambo hili nimelibeba tangu nina miaka kumi na mmoja.

Nilikulia Koboko, katika nyumba ya bibi yangu, ambaye tulimwita Haboba kama familia nyingi za pale. Nyumba ilikuwa na harufu tatu: muhogo uliolowekwa unaokaushwa juu ya jiwe, simsim inayokaangwa, na mbuzi. Ya muhogo ilikuwa mbaya kuliko zote, kama soksi ya askari, lakini ukila ugali wake na mboga ya kunde unaisamehe. Haboba alikuwa mwanamke msafi kupita kiasi. Ua ulifagiwa mara mbili kwa siku, na kuhusu mikono alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Wa kulia unalisha, wa kushoto unaosha. Chakula, salamu, kumpokea mtu kikombe, kumpa mtoto tunda: kulia. Kushoto kulikuwa na kazi yake, na kazi hiyo ilifanyika nyuma ya nyumba pamoja na kopo la maji. Kumnyooshea mtu mkono wa kushoto ulio wazi ilikuwa sawa na kumletea hilo kopo mezani.

Sasa fikiria ni balaa gani lililoingia nyumba hiyo siku Shawishi alipokuja shuleni kwetu.

Alikuwa sajini mstaafu, mzee mwembamba aliyepiga ngoma katika jeshi la Mwingereza, na watu wote walimwita kwa cheo chake cha zamani. Alitafuna tumbaku, akatema mate ya kahawia pembeni mwa kiatu chako, sentimita mbili, hakosei. Serikali ya wakati ule, miaka ya sabini mwanzoni, ilipenda gwaride, na neno likaja kwamba shule yetu iwe na bendi. Ngoma zikaletwa na lori zimefungwa kwenye magunia. Tatu ndogo, moja kubwa. Ngozi zake zilikuwa za mbuzi, hazikukaushwa vizuri, na mvua iliponyesha darasa zima lilinuka kama mnyama mwenyewe ameamka na kuja kuulizia koti lake.

Nilizitaka ngoma zile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Sijui kwa nini. Ningeweza kukuambia ni muziki, lakini nadhani ilikuwa viatu: wapiga ngoma wangepewa raba nyeupe, na bendi ingekwenda Arua kumpokea mkubwa mmoja wa serikali kutoka Kampala. Mimi sikuwa nimewahi kufika Arua. Nilikuwa nimewahi kuwa na viatu, vya kaka yangu.

Shawishi alikataa. "Toto mwanamke hapana piga ngoma. Iko kazi ya kuchota maji."

Aliyenisimamia ni mwalimu wetu wa kuimba. Alikuwa msichana wa Arua mjini, wa miaka ishirini na kidogo, aliyetembea haraka na kuhesabu kila kitu kwa sauti: sisi tulipopanga mstari, madaftari, hata hatua zake. Alikuwa na gauni moja la samawati lenye vifungo vyeupe ambalo wasichana wa darasa letu tulilijua kuliko tulivyojua kuzidisha. Alimwambia Shawishi, "Baba, mpe mwezi mmoja. Akishindwa, mimi mwenyewe nitakaa kimya, na msichana mwingine hataletwa kwako tena."

Shawishi akatema. "Mwezi moja," akasema. "Halafu narudi kuchota maji."

Kwa hiyo ndivyo lilivyokuwa jambo lenyewe. Watoto tisa, ngoma ndogo tatu, mwezi mmoja, na nikishindwa nimewafungia njia wasichana wote wa shule na kumfunga mdomo mwalimu wangu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja huona mzigo kama huo ni heshima.

Tatizo halikuwa mkono wa kulia. Huo unashika fimbo kama kisu, mtu yeyote anaweza. Tatizo lilikuwa wa kushoto. Ngoma ya gwaride inaning'inia kwa mkanda upande mmoja wa paja, imelala mshazari, na ukishika fimbo ya kushoto kama ya kulia, kiwiko kinapanda juu kama bawa la kuku anayefukuzwa. Ndiyo maana kiganja kinageuzwa juu, fimbo inalala, na kazi yote inafanywa na vidole: gumba na cha shahada vinausukuma mti, cha kati kinausindikiza, cha pete kinaupokea ukirudi. Hapana nguvu hapo. Ukitia nguvu, fimbo inakufa. Lazima uiache iruke yenyewe, mara mbili kwa kila mkono. Shawishi aliiita kukaanga simsim. Kulia, sim-sim. Kushoto, sim-sim. Ukiongeza kasi, punje zinaanza kupasuka pamoja na mvumo unatokea. Sisi tulitoa sauti ya mawe yanayomwagwa kwenye karai.

"Vidole iko lala!" alifoka. "Wewe nashika fimbo kama nashika jembe! Nani alisema kamata? Hapana kamata! Hapana finya!"

Siku ya nne, uvumilivu ukamwishia. "Kesho kila mutu nalete yai moja."

Yai liliwekwa ndani ya shimo la kiganja cha kushoto, chini ya fimbo, likashikiliwa na kidole cha mwisho kama kwa bahati. Juu yake vidole vingine vilipaswa kufanya kazi. Ukifinya, limevunjika. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yote. Nimesoma chuo kikuu, nimefundishwa na watu wenye vyeti vya urefu wa mlango, na sijawahi kuona somo lililoeleweka upesi hivyo.

Lakini kwa Koboko ile, nani angempa mtoto yai zima akalichezee? Mayai yaliuzwa au yaliachwa yaanguliwe. Wazazi wakatoa yale ambayo kuku ameyakataa, mayai viza, yaliyokaa wiki tatu chini ya tumbo la moto bila kuwa kitu. Kufika saa nne asubuhi matano yalikuwa yamepasuka. Sitakueleza harufu ile. Nitasema tu kwamba ile ya ngozi za mbuzi ilitufariji. Mvulana mmoja alitapika ndani ya ngoma kubwa, na mpaka mwisho wa maisha yake ngoma ile ilikuwa na sauti ya chini isiyo ya kawaida ambayo wageni waliisifu.

Mimi nyumbani sikupata viza. Kuku wa Haboba alikuwa bado ameatamia, wiki ya pili, mayai tisa. Nikasubiri Haboba aende kisimani, nikaingiza mkono chini ya kuku, akanidonoa mara mbili, nikatoka na moja la moto. Mkono niliotumia unaujua.

Siku tatu nililibeba. Nilikula nalo, nikalala nalo ndani ya kikombe, nikafanya mazoezi kwa kijiti juu ya kigoda. Siku ya tatu jioni nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko, sim-sim, sim-sim, na kwa mara ya kwanza vidole vilianza kuniitikia. Nikafurahi. Na katika furaha nikafinya.

Lilipasuka bila kelele. Kilichotoka hakikuwa ute wala kiini. Kilikuwa kifaranga, nusu yake, kina kichwa kikubwa na jicho jeusi chini ya ngozi, na manyoya machache yaliyolowa yameshikamana kama nywele za mtoto mchanga. Kilikuwa cha moto. Kilisogea, au mkono wangu ulitetemeka, sijui mpaka leo. Kilikaa pale kwenye shimo la kiganja changu, mahali ambapo mafunzo yangu yote yalitaka kitu kikae salama.

Nilipiga kelele, Haboba akatokea na mwiko. Alitazama kiganja, akanitazama usoni, akarudi kwenye kiganja. Hakunipiga. Ingekuwa afadhali.

"Na mkono ya choo," alisema. "Wewe nachukua mtoto ya kuku na mkono ya choo, nafanya nayo ngoma."

Alinimwagia majivu kiganjani, akanisugua kwa jani la msasa mpaka ngozi ikawa nyekundu, na kwa wiki mbili hakuniruhusu kugusa unga. Tulipokula alinitengea bakuli langu peke yangu. Mkono wa kushoto niliukalia, kwa amri. Lakini vidole havikujua amri. Vikiwa chini ya paja langu viliendelea, sim-sim, sim-sim, na Haboba alikuwa akiona bega langu likitikisika, anasogeza mkeka wake.

Kesho yake nilimwambia mwalimu kwamba sina yai, na nyumbani halitatoka tena. Alifungua kabati lake la madaftari, akatoa moja, la kahawia, la kununua.

"Hili ni la chai yangu ya kesho," akasema. "Likivunjika nitakunywa chai tupu. Utajua kwamba umeninyima chakula."

Halikuvunjika. Wiki mbili na nusu sikulivunja. Nilikimbia nalo, nilianguka nalo mara moja kwenye mtaro na nikainuka goti linatoka damu na yai zima. Siku ya kuchaguliwa, Shawishi alipita mbele yetu, akafunika macho kwa kofia yake, akasikiliza mmoja mmoja. Alipofika kwangu alisikiliza muda mrefu. Kisha akaondoa kofia.

"Hii toto mwanamke iko na vidole," akasema, kwa sauti ya mtu aliyegundua kwamba ameuziwa mbuzi mwenye miguu mitano. "Wewe naenda Arua."

Nikamkimbilia mwalimu, nikamrudishia yai lake. Alilishika, akalitikisa sikioni, likasukasuka ndani, limekwisha kuwa viza.

"Sasa hili nitalifanyia nini?" Akacheka mpaka akakaa chini. Tulilizika nyuma ya vyoo vya walimu, tukalichimbia shimo refu ili mbwa asilifukue na kutuua wote.

Ningependa kumbukumbu hii iishie hapo. Ingekuwa nzuri: viatu vyeupe, yai kaburini, msichana ameshinda. Watu wa rika langu tunapenda kuandika utoto kana kwamba ulikuwa mahali palipofagiwa. Nimesoma maandiko mengi ya namna hiyo, mengine ya kwangu mwenyewe, na siku hizi yananichosha kama chai iliyotiwa sukari na mtu anayetaka kukuomba kitu.

Tulikwenda Arua kwa lori, tumesimama, ngoma katikati yetu. Mwalimu alikuja kutuangalia, amevaa gauni la samawati, kwa sababu ndilo alilokuwa nalo zuri na kwa sababu Arua ndiko kwao, mama yake angekuwa miongoni mwa watu. Uwanja ulikuwa umefungwa kamba. Kulikuwa na jukwaa, viti vya sofa juu yake vilivyoazimwa majumbani, na askari wengi. Mkubwa alipofika tulipiga, alipoketi tukapiga tena. Nilipiga vizuri kiasi. Mvumo wangu ulikuwa bado na chembe chembe.

Kisha yakaja mambo ambayo hayakuwa kwenye ratiba yetu. Wakati ule palikuwa na amri kuhusu nguo fupi za wanawake. Tuliijua, kama tulivyojua kwamba kuna chui Kongo. Afisa mmoja kijana, mwenye miwani myeusi, akapita mbele ya watu waliokuwa nyuma ya kamba, akanyoosha kidole hapa na pale. Wanawake watano wakatolewa. Akapita upande wetu, akamtazama mwalimu kuanzia chini kwenda juu, akanyoosha kidole tena. Wakawa sita.

Mwalimu alisema, "Afande, mimi niko na watoto wa shule."

"Ndiyo nataka watoto naona."

Gauni lile lilifika juu ya goti kidogo tu. Afisa alitaka kupima. Akamgeukia Shawishi, akanyoosha mkono, na Shawishi akatoa ile fimbo ya akiba aliyoichomeka siku zote kwenye mkanda wake, akampa kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Afisa akaiweka juu ya goti la mwalimu wangu, akaipandisha pole pole, akitazama watu. Watu wakacheka. Akarudisha fimbo. Shawishi akaifuta kwa leso yake, upande huu na upande huu, muda mrefu, hakutazama mtu.

Adhabu ilikuwa kuruka kichura. Unachuchumaa, unashika masikio, unaruka. Kuzunguka uwanja mzima. Sisi tuliruka hivyo shuleni tukichelewa. Mwalimu huyohuyo alikuwa haitumii adhabu hiyo, alisema inamfanya mtoto asiweze kuhesabu.

"Shawishi," afisa akasema, "wapigie."

Shawishi alisimama. Nakumbuka mate ya tumbaku yaliyokuwa yamemjaa mdomoni na hakuyatema. Aliyameza. Mtu aliyewahi kuonja tumbaku atanielewa. Kisha akatugeukia, akainua vidole viwili, ishara yetu ya mvumo, akasema chini chini, "Kaanga."

Nikapiga.

Na hapa, rafiki yangu, ndipo penye uchafu wenyewe, na hakuna majivu niliyoyapata ya kuusugua. Mwalimu wangu akaruka mbele yangu, gauni la samawati linakusanya vumbi jekundu, mikono masikioni, anahema. Nami nilikuwa nimeinamisha macho kwenye ngoma kwa aibu, nisimwone, nikawa naona vidole vyangu tu. Na vidole vile, siku ile, saa ile, vilifanya kile ambacho Shawishi alikuwa amekidai mwezi mzima. Fimbo ikalala kwenye kidole cha pete kama iliyozaliwa hapo. Punje zikapasuka zote pamoja. Mvumo ukatoka mmoja, laini, mrefu, bila chembe, na kiganja changu chini yake kilikuwa wazi na chepesi, ungeweza kuweka yai humo, ungeweza kuweka kifaranga.

Nilifurahi. Sitakuambia kwamba niliogopa, ingawa niliogopa. Sitakuambia kwamba nililazimishwa, ingawa hakuna aliyeniuliza. Nilifurahi. Katika uwanja ule, pengine hakuna mtu aliyekuwa na furaha kama mimi, isipokuwa yule wa miwani myeusi. Walipita mbele yetu mara tatu kwa sababu uwanja ulikuwa mdogo, na mara ya tatu, kabla mwalimu hajafika, niliwaza: apite mbali kidogo, vumbi lake litaingia kwenye nyuzi za ngoma.

Baada ya hapo bendi ililishwa, mkate, soda, na yai la kuchemsha kwa kila mtoto. Ningependa sana kukuambia kwamba nililitupa. Soda nilikuwa nimeishika kwa kulia, basi yai nikalila kwa kushoto, na nikaomba la pili.

Mwalimu alirudi nasi kwenye lori lilelile. Kuna mtu alimpa kipande cha kitenge, akajifunga kiunoni. Magoti yalikuwa yamechubuka. Tulipofika Koboko alishuka wa kwanza, akasimama, akatuhesabu kama kawaida tulipokuwa tukiruka chini. "Mmoja. Wawili. Watatu." Mimi nilishuka nimejificha nyuma ya ngoma. Nadhani alinihesabu kama ngoma. Jumatatu hakuja. Darasa la kuimba likapewa mwalimu wa kilimo, ambaye alitufundisha mbolea kwa kuimba.

Nilibaki kwenye bendi miaka miwili mingine. Nilisifiwa. Haboba alizoea kunitengea bakuli langu, na hata nilipokuwa msichana mkubwa nikipika mwenyewe, nilijikuta naketi kando.

Mwaka wa sabini na tisa, vita vilipofika kwetu, tulivuka kama wengine wote: mzigo kichwani, Oraba mpakani, kisha Kaya upande wa Sudan. Haboba alitembea na kuku mmoja kwapani. Kaya palikuwa na kanisa lililokuwa likigawa unga, na foleni yake ilizunguka jengo mara mbili. Aliyekuwa akipima unga kwa kopo, akihesabu kwa sauti, alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa nguo ndefu mpaka kwenye vifundo. Nilimjua kwa kuhesabu kabla ya uso.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na hotuba tayari kichwani, nzuri sana, nilikuwa nimeiandaa tangu Jumatatu ile ambayo hakuja. Nilipofika mbele yake hotuba yote ikapotea. Nikasema tu, "Mwalimu, ni mimi. Nilikupigia."

Alinitazama. Alikuwa na kopo la unga mkononi, halijamwagwa.

"Najua," akasema. "Kulikuwa na kitu gani kingine cha kusikiliza?" Kisha, kama anayesahihisha daftari: "Mvumo haukuwa sawa, lakini. Kushoto kwako kulikuwa kunakimbia. Nilijaribu kuruka kwa mapigo yako, nikashindwa. Kama ungepiga sawasawa, ningechoka kidogo."

Haboba, nyuma yangu, akauliza, "Huyu nani?"

"Ni mwalimu wangu," nikasema.

Mwalimu akamwaga unga. Nikaukinga kwa mikono miwili, ncha za kitenge changu katikati yake. Akagonga kopo pembeni ili punje za mwisho zishuke, akaongeza nusu kopo juu, akamwita aliye nyuma yangu. "Mia na kumi na mbili."

Sikumwona tena. Nilirudi Koboko baada ya miaka mingi. Shule ilikuwa kuta. Ngoma, jirani aliniambia, zilichunwa ngozi wakati wa njaa, watu wakazichemsha wakanywa mchuzi wake. Natumaini hawakuanza na ile kubwa. Shawishi hakuna aliyejua alipoishia. Haboba amelala ng'ambo ya mpaka, na wenye kuku Koboko siku hizi hununua vifaranga vya sanduku, havina mama. Hata ule mkono wa kushoto umekwisha kazi: ngoma za vijana zinakaa bapa mbele ya tumbo, kwenye fremu, na mtu anashika fimbo zote namna moja, bila hasara.

Kwa miaka arobaini nilibeba siri kwamba siku ile, katikati ya uchafu ule wote, nilikuwa nimefanya kitu kimoja bila kosa. Niliona aibu nayo, na niliipenda. Maneno ya mwalimu niliyasikia Kaya lakini sikuyaamini. Nilisema moyoni, anasema hivyo kwa sababu ana haki ya kunichukia. Mpaka mwezi uliopita, mtoto wa watu, ambaye hana sababu yoyote ya kunichukia, akainamisha kichwa na kusikia kilekile.

Kwa hiyo haukuwa hata mvumo mzuri.

Nilikunywa maji ya mpishi, nikarudi kwenye hema. Wakagawa chakula. Binti mmoja mwenye aproni akaniwekea pilau, na juu yake, kwa heshima ya umri wangu, yai. Nililisogeza kando ya sahani kwa kijiko. Chini ya meza, juu ya paja, vidole vya kushoto vilikuwa vimeanza tena, navyo bado vilikuwa vikimtangulia mtu aliyeruka vumbini, ambaye hakuweza kuvifikia.